Moshi tunaujua, mbona magari hatuyaachi?



Ndugu msomaji, ukitaka kujua kama watu wa Dar es Salaam wana elimu ya mazingira, panda daladala ya Gongo la Mboto jioni ya siku ya kazi, kisha subiri lori bovu lipite ubavuni na kumwaga moshi mweusi dirishani. Utasikia darsa kamili. Mama atamfunika mtoto kwa mtandio na kulalamika kuwa kwa hali hii kifua cha mwanawe hakiwezi kupona. Kijana wa chuo atataja hewa ya ukaa na kuongezeka kwa joto la dunia. Mzee atakumbusha kuwa zamani masika yalikuwa yakija kwa wakati wake. Hutamsikia hata mmoja akisema moshi ule ni jambo jema.

Elimu hiyo wameipata shuleni, redioni, katika maadhimisho ya kila tarehe 5 Juni, na siku hizi hata kwenye mimbari zetu. Ni maimamu wachache ambao hawajawahi kuigusa aya ya 41 ya Suratur-Rum, inayotufahamisha kuwa uharibifu unaoonekana nchi kavu na baharini umetokana na matendo ya watu wenyewe. Waumini wameisikia, wamekubali, wamesema amin.

Pamoja na yote hayo, barabara zetu hazionyeshi dalili ya elimu hiyo. Aliyetoa darsa la mazingira anaondoka peke yake ndani ya gari lenye viti saba. Aliyelisikiliza anakodi bodaboda kwenda mtaa wa pili. Na yule ambaye kipato chake kimepanda kidogo mwaka huu, mipango yake ya kwanza ni kuagiza gari lililotumika Japani. Swali la kujiuliza ni hili: kama watu wanajua, kitu gani kinawazuia kutenda?

Jibu lililozoeleka ni kwamba watu hawajaelimika vya kutosha. Basi huandaliwa semina nyingine, mabango mengine na fulana nyingine zenye picha ya mti. Hoja ya makala hii ni kwamba jibu hilo lina ukweli kidogo tu, na kwamba tumelichukua jambo ambalo sehemu yake kubwa ni fardhi kifaya tukalihubiri kana kwamba lote ni fardhi ain.

Ilimu na amali

Katika Uislamu suala la mtu kujua jambo na asilitende si geni. Suratus-Saff, aya ya 2 na ya 3, inawakemea waumini wanaosema wasiyoyatenda, na inaeleza kuwa jambo hilo ni chukizo kubwa mbele ya Allah. Ni rahisi kwa mhubiri kuichukua aya hiyo na kuwapiga nayo wenye magari. Lakini mwanachuoni makini haisomi aya moja akaiacha nyingine. Suratul-Baqara inamalizia kwa kutufahamisha kuwa Allah haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu mnafiki wa mazingira, ni wajibu kuuliza kwanza alikuwa na uwezo gani wa kutenda kinyume na alivyotenda.

Watafiti wa tabia za watu nao wamefika hapo kwa njia yao. Mwaka 1991, Icek Ajzen aliandika nadharia ambayo mpaka leo inafundishwa vyuoni. Kwa ufupi anasema kwamba nia ya mtu kutenda jambo inajengwa na vitu vitatu: yeye mwenyewe analionaje jambo hilo, watu anaowajali wanalionaje, na anaamini ana uwezo wa kulitenda kwa kiasi gani. Kampeni zetu za mazingira zinashughulika na hicho cha kwanza peke yake. Cha pili na cha tatu vinaachwa barabarani vijitafutie.

Wanasosholojia wawili, Andreas Diekmann na Peter Preisendörfer, waliwachunguza watu wa Ujerumani na Uswisi, ambako elimu ya mazingira imesambaa kuliko kwetu. Waligundua kwamba mtu anayejali mazingira hutenda kweli pale ambapo kutenda hakumgharimu sana, kama vile kutenganisha taka za karatasi na za chupa. Lakini inapofika kwenye gari, ambako gharama yake ni muda, jasho na usumbufu, kujali kwake hakubadilishi mambo mengi. Tuwe waadilifu basi. Ikiwa Mjerumani mwenye treni ya uhakika na njia ya baiskeli mbele ya nyumba yake anashindwa, mkazi wa Chanika tunamdai nini?

Hapa kwetu tuna ushahidi wetu. Kwa miaka mingi kila mtu alijua kuwa mifuko ya plastiki inaziba mitaro na kuua mifugo. Tulijua, na tuliendelea kubebea nyanya ndani yake. Kisha tarehe 1 Juni 2019 serikali ikaipiga marufuku, na mifuko mbadala ikawepo sokoni. Haikuchukua muda mrefu mama ntilie na mwenye duka la jumla wote wakawa wamebadilika. Elimu haikuongezeka kati ya tarehe 31 Mei na tarehe 1 Juni. Kilichobadilika ni kile kilichokuwepo mezani kwa muuzaji.

Mfano mwingine hata hausikiki midomoni mwa watu, nao ni wa barabarani hasa. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, na moshi wake ulikuwa sumu kwa akili za watoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikaazimia kuachana na petroli hiyo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Dereva wa teksi wa Kariakoo hakuhitaji semina wala fulana. Alikwenda kituo kilekile cha mafuta, akajaza tenki lilelile, na watoto wa mtaani kwake wakavuta hewa yenye sumu pungufu.

Tulizichagua safari zetu siku tuliponunua kiwanja

Tumchukue sasa mtumishi wa kawaida anayefanya kazi Posta na kuishi Chanika. Wengi hudhani kwamba kila asubuhi anasimama mlangoni na kuchagua: leo niende kwa gari, kwa basi au kwa miguu? Hachagui. Uchaguzi huo alishaufanya siku alipolipia kiwanja, na alikinunua kule kwa sababu ndiko fedha yake ilikofika. Mji wetu umekua kwa namna hiyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wao hawakupata nafasi Ilala wala Magomeni. Wamekwenda pembezoni, wakajenga kwanza, barabara ikawafuata nyuma, na basi likaja nyuma ya barabara kama lilikuja.

Hata pale tulipochukua hatua kwa sababu ya mazingira yenyewe, tulisahau safari. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini, serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Msimbazi na kuwapatia viwanja Mabwepande. Kuwatoa watu kwenye mkondo wa maji ni jambo la busara, hakuna anayelipinga. Lakini mtu wa Jangwani aliyekuwa akienda kibaruani Kariakoo kwa miguu, ghafla akawa anahitaji nauli ya kwenda na kurudi mjini kila siku. Ukimuuliza habari ya usafiri rafiki wa mazingira atakuambia kuwa alikuwa nao, akahamishwa.

Turudi kwa mtumishi wetu wa Chanika. Anaamka kabla ya alfajiri. Kituoni anakuta umati, daladala inafika imeshajaa kwa sababu watu wamegeuza nayo. Akifanikiwa kuingia atasimama kwa zaidi ya saa moja. Wanafunzi wameachwa chini kwa sababu nauli yao ni ndogo na konda hawataki. Mvua ikinyesha, kiatu kinaingia tope kabla hajafika lami. Mtu huyu akikopa na kununua gari dogo, tutamwambia ameidharau amana ya ukhalifa katika ardhi? Mimi sithubutu.

Na akishanunua, hesabu yake nayo inabadilika. Gari limelipiwa ushuru, bima na mkopo, litembee lisitembee. Kuanzia hapo kila safari anaihesabu kwa mafuta tu. Siku ya kwenda harusini na mke na watoto watatu, nauli za daladala za watu watano kwenda na kurudi, tena kwa kubadilisha magari mara mbili, zinakaribia bei ya petroli. Kwa hesabu ya mfuko wake gari limekuwa rahisi. Gharama ya moshi hailipi yeye, anailipa mama muuza maandazi anayeketi pembeni ya barabara kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani, unaua watu wapatao milioni saba duniani kila mwaka. Mama yule si mwenye gari, na wala hajawahi kuuliza bei yake.

Kuhusu dada zetu ni lazima kusema neno bila kuzunguka. Mwanamke wa Kiislamu anayejisitiri anabanwa kifua kwa mgongo ndani ya basi na wanaume asiowajua. Wengine hutumia msongamano ule kufanya uchafu wao. Kisha tunamlaumu kwa kukodi bajaji! Usafiri wa umma usiolinda heshima ya mwanamke umeshampoteza abiria huyo kabla hajafikiria moshi.

Kutembea na kutembelea

Hata hivyo wapo wasio na udhuru huu, nao wanastahiki kuambiwa. Ni wale ambao ofisi iko kilomita moja, msikiti mita mia tatu, duka liko pale kona, na gari linawashwa. Kinachowapandisha garini ni macho ya watu.

Angalia lugha yetu yenyewe. Hatusemi fulani ana gari, tunasema anatembelea Prado. Asiyetembelea kitu, akionekana barabarani kwa miguu yake, vijana husema amefulia. Mposaji akija, zamani waliulizia dini yake na kazi yake. Sasa wapo wakwe wanaochungulia kwanza dirishani kuona amekuja na nini. Bwana harusi naye hukopa ili msafara uwe mrefu.

Uislamu haukatai mapambo ya vipando. Suratun-Nahl, aya ya 8, inapotaja farasi, nyumbu na punda, inataja kupandwa kwao na inataja pia kuwa ni pambo. Mwenye gari zuri hajafanya kosa kwa uzuri wake. Ugonjwa unaanza pale pambo linapokuwa kipimo cha utu, mpaka mtu anaona haya kuonekana akitembea kwa miguu aliyopewa na Mola wake. Ajzen aliita hiyo kawaida ya jamii. Sisi tuna majina yake ya zamani: riyaa na kibri. Na ugonjwa huu, tofauti na ule wa barabara mbovu, hauhitaji mkopo wa Benki ya Dunia kuutibu. Hapa mimbari ina kazi yake.

Tunayo Sunna ambayo karibu tumeizika. Katika hadithi ya Aws bin Aws, waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, Mtume (SAW) ametaja fadhila kubwa mno za mwenye kuoga siku ya Ijumaa, akawahi mapema, akaenda kwa miguu bila kupanda kipando, akakaa karibu na imamu na kusikiliza. Imetajwa wazi kuwa hakupanda. Na Imam Muslim amepokea kisa cha Banu Salima, waliotaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume, naye akawataka wabaki katika makazi yao kwa sababu hatua zao zinaandikwa.

Sasa nenda kwenye msikiti wowote mkubwa wa mjini Ijumaa saa saba mchana. Magari yamepaki pande mbili za barabara, juu ya njia ya waenda kwa miguu, mbele ya geti la jirani asiye Muislamu ambaye ana mgonjwa ndani. Mzee mwenye mkongojo analazimika kushuka barabarani na kupita katikati ya bodaboda ili aifikie swala. Hadithi ya Abu Said al-Khudri kuhusu haki za njia, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inataja kuzuia udhia. Ndani tunaisoma, nje tumeipaki juu ya njia.

Anayetembea kwa sababu hana nauli

Kuna kundi ambalo hesabu za mazingira hulisifu bila kuliuliza. Ni wale wanaotoka Manzese au Buguruni kwa miguu hadi Kariakoo, na wale wauza mikate na samaki wanaokanyaga baiskeli za Phoenix tangu usiku. Kwa kipimo cha moshi hao ndio wasafi kuliko sote. Mtanzania kwa wastani hatoi hata nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka, wakati Mmarekani anatoa zaidi ya tani 13. Lakini tusijidanganye kuwa huo ni uchamungu wa mazingira. Wengi wao wanatembea kwa sababu nauli ya leo ni unga wa kesho. Siku riziki ikifunguka, cha kwanza ni pikipiki.

Huo ndio uthibitisho wa wazi kabisa kuwa ufahamu na mwendo vimeachana. Anayejua zaidi habari za mazingira ni msomi, naye ndiye mwenye gari. Asiyehudhuria semina ndiye anayetembea. Mji unaotegemea umaskini wa watu ili hewa yake isichafuke zaidi hauwezi kujisifu, kwani kila mtu anayeondoka kwenye umaskini anaongeza bomba moja la moshi.

Tena anayetembea hatumlindi. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaonyesha kuwa ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Mzazi anayejua hivyo, halafu anamkataza mwanawe kwenda shule kwa baiskeli, hajakosa ufahamu wa mazingira. Anao ufahamu wa barabara.

Walipopewa kilicho bora walikuja

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Kariakoo, kilomita 20.9, yalianza na mabasi 140. Watu walikuja kwa wingi siku za mwanzo, na hata baadhi ya wenye magari wakayaacha nyumbani. Walifuata nini? Walifuata dakika. Safari iliyokuwa ikila saa mbili za foleni ya barabara ya Morogoro ilifupishwa mno. Jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Baadaye mabasi yakapungua, vituo vikafurika, na bonde la Jangwani, ambako mabasi yalilazwa, likajaa maji mara kadhaa na kuyaharibu. Waliokuwa wameacha magari wakayarudia. Hapakuwa na mtu aliyepoteza elimu yake ya mazingira katika kipindi hicho. Walipoteza uhakika wa basi.

Vilevile treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, watu waligombea tiketi. Inatumia karibu nusu ya muda wa basi. Sijasikia abiria anayesema ameipanda kwa ajili ya tabaka la hewa. Hata Copenhagen, mji unaosifiwa duniani kote kwa baiskeli, wakazi walipoulizwa mara kwa mara na halmashauri yao kwa nini wanapanda baiskeli, wengi walijibu kuwa ni haraka na ni rahisi. Waliotaja mazingira walikuwa wachache mno. Nia njema haikuwatangulia barabarani, njia ya baiskeli ndiyo iliyotangulia.

Je, hii ina maana elimu ya mazingira haina kazi? Inayo, ila tumeipeleka mahali pasipo pake. Tumempelekea abiria akiwa peke yake kituoni, ambako hana cha kuamua. Angepelekewa akiwa raia, akiwa mjumbe wa kikao cha mtaa, akiwa mwenye kura na mlipa kodi. Mwenye ufahamu ndiye anayetarajiwa kukubali barabara ipunguzwe upana kwa ajili ya njia ya basi, na asiingize gari lake humo foleni inapomkera. Ndiye anayetarajiwa kumuuliza diwani kwa nini barabara mpya ya lami imejengwa bila njia ya miguu, na kwa nini mti uliokuwa kivuli cha kituo umekatwa.

Hiyo ndiyo maana ya fardhi kifaya. Maiti ikiwa mtaani, haitoshi kila mmoja kuhuzunika moyoni kwake. Wasipopatikana wa kuiosha na kuizika, mtaa mzima unapata dhambi. Barabara salama ya mwenda kwa miguu, basi linalofika kwa wakati, kituo ambacho mwanamke anasubiri bila kudhalilishwa, hayo hayatendwi na mtu mmoja kwa ikhlasi yake. Yakikosekana, deni ni la wote, na kwa wenye madaraka ni zito zaidi. Inasimuliwa kuwa Umar bin al-Khattab (RA) alihofia kuulizwa na Allah hata kuhusu mnyama atakayejikwaa Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia.

Historia yetu ina mwanamke aliyelielewa hili zaidi ya karne kumi na moja zilizopita. Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, alijua kama walivyojua mahujaji wote kuwa njia ya kutoka Kufa hadi Makka ina kiu inayoua. Angeweza kuwatuma wahubiri wawahimize mahujaji wavumilie. Alitoa mali yake, yakachimbwa visima na kujengwa mabirika na vituo, mpaka njia ile ikaitwa kwa jina lake, Darb Zubayda. Makka nako aliwafikishia watu maji. Alifariki mwaka 831, na mabaki ya mabirika yale yanaonekana jangwani hadi leo.

Kamati zetu za misikiti zina michango ya kila Ijumaa, na baadhi zina wakfu wa maduka na nyumba. Zimezoea kuchangisha kwa ajili ya zulia, vipaza sauti na viyoyozi. Sijaona tangazo la mchango wa kusawazisha njia ya mita mia mbili kutoka kituo cha daladala hadi mlango wa msikiti, kupanda miarobaini ya kivuli pembeni yake na kuweka taa mbili kwa ajili ya akina mama wanaotoka Tarawehe. Wala sijaona msikiti uliotenga sehemu ya kufungia baiskeli karibu na mlango, mahali pale pazuri ambapo sasa hupaki mwenyekiti wa kamati. Watu wanne wa mtaa mmoja wanaoswali Alfajiri safu moja, kisha nusu saa baadaye wakaelekea Posta kwa magari manne, hawahitaji mradi wa serikali ili waulizane kama wanaweza kwenda kwa moja. Na kikao cha mtaa kikiitishwa, imamu ana haki ya kuhudhuria kama mkazi yeyote, akiwa ameandika idadi ya waumini wake waliogongwa wakivuka barabara mwaka huu.